Jogoo kasingiziwa: shajara ya mayai viza, Mtwara

4 Novemba

Naanza kuandika leo ingawa kazi yenyewe ilianza mwezi uliopita, nilikuwa naandika nyuma ya risiti na mara nyingine kwenye kiganja, msimamizi wangu aliyeko Morogoro kanisema vya kutosha nikaona bora nitafute daftari.

Jambo lenyewe liko hivi. Kuna mama mmoja hapa Magomeni ana mashine ya kutotolesha ya mayai 264, watu wanamletea mayai ya kienyeji kutoka kila kona, Mikindani, Naliendele, mengine mpaka Newala yanashuka na basi. Siku ya 7 anayamulika kwa tochi. Yai lenye kifaranga unaona mishipa imetanda kama utando wa buibui, lisilo na kitu linang'aa tupu kama globu. Hayo yanayong'aa anayatoa pembeni, anamwambia mwenyewe "hayana mbegu haya baba, badilisha jogoo". Na mtu anaenda kweli anabadilisha jogoo, anarudi baada ya miezi miwili na mayai mengine, yanang'aa vilevile, hapo ndo unaanza ugomvi wa nani kamuibia nani mayai yenye mbegu.

Mi swali langu ni dogo tu. Hayo yanayong'aa, ni kweli hayakurutubishwa, au yalirutubishwa na kiinitete (kifaranga kinapoanza tu kuumbika) kikafa mapema kabla hata damu haijatokea? Maana kwa tochi vyote viwili vinafanana kabisa. Lakini ni magonjwa mawili tofauti, la kwanza ni la jogoo (au la tetea), la pili ni la sehemu nyingine kabisa. Maabara ni chumba cha nyuma cha maabara ya baiolojia shuleni ninakofundisha, nimeruhusiwa kukitumia jioni na wikiendi, kina hadubini moja nzima na moja yenye kioo kimepasuka.

7 Novemba

Leo nimevunja mayai 14 yaliyokataliwa kwenye mashine. Siku 7 kwenye joto, jamani. Harufu imetoka mpaka darasani, mlinzi kaja kuuliza kama kuna panya kafia ndani. Viini vingine vimepasuka, vingine vina ukungu mweupe juu, nimepiga picha zote 14 na sijaelewa hata moja. Naangalia doa jeupe najiambia hiki ni kiinitete kilichokufa, naangalia tena najiambia hapana hili ni doa tu. Nimefunga madirisha… yaani nimefungua madirisha nikaondoka.

8 Novemba

Nimempigia msimamizi, kacheka sana. Kaniambia "wewe hujui yai zima likoje, umekimbilia viza". Kweli. Ni kama mtu anayetaka kusoma maiti hajawahi kumuona mtu mzima.

Kwa hiyo nimerudi mwanzo. Nimenunua mayai 10 ya kisasa dukani, kuku wale wa mayai hawajawahi kumuona jogoo tangu wazaliwe, kwa hiyo hapo hakuna ubishi, hayajarutubishwa. Halafu mayai 10 ya kienyeji ya asubuhi ileile kutoka kwa jirani ambaye jogoo wake namjua maana ananiamsha saa 10 usiku.

Unavunja yai polepole kwenye kisosi, unasubiri kidogo, kile kidoa cheupe kinageukia juu chenyewe maana upande ule wa kiini ni mwepesi. Ya kisasa: doa dogo jeupe zito, kama milimita 3, kingo zake zimechanika chanika na ukikaza macho kuna kama mapovu mapovu kuzunguka. Ya kienyeji: doa kubwa zaidi kidogo, milimita 4 hadi 5, mviringo safi, na katikati kuna uwazi, yaani ni pete. Pete kabisa, kama ya kidoleni. Nilikaa nayo nusu saa. Mayai 9 kati ya 10 yalikuwa na pete, la kumi kiini kilipasuka kwa haraka zangu.

Hii pete ndo kila kitu kwenye huu mradi kwa hiyo niieleze vizuri. Watu wengi wanadhani yai likitoka kwa kuku ndo linaanza siku ya kwanza. Hapana. Kiini kikidondoka kutoka kwenye ovari kinapokelewa na ule mrija, na mbegu ya jogoo inakikuta palepale juu, ndani ya kama robo saa, kabla ute haujakizunguka. Ikishafunikwa na ute ndo basi tena. (Kwa ndege mbegu nyingi zinaingia kwenye yai moja, sio moja tu kama tulivyozoea kusoma, ila ni moja tu ndo inaungana na kiini cha seli cha jike, nyingine zinaishia pembeni.) Baada ya hapo yai linashuka taratibu, sehemu kubwa ya muda linakaa likitengenezewa ganda, jumla kama saa 24 au 25, na muda wote huo liko ndani ya joto la mama yake, seli zinagawanyika. Likitagwa tayari kuna makumi ya maelfu ya seli, zimejipanga kama shuka jembamba juu ya kiini. Katikati shuka limeinuka kidogo, chini yake kuna maji, ndo maana panaonekana pa wazi, pembeni limegusana na kiini ndo pale peupe. Hiyo ndo pete. Yai "bichi" la kienyeji ulilokaanga asubuhi lilikuwa na hiyo shuka, hukuiona tu.

13 Novemba

Nimejifunza kukitoa kiinitete kwenye yai. Mbinu ni ya karatasi ya chujio: unachukua karatasi, unatoboa tundu na pancha ya ofisini, unatoboa tena la pili ligusane na la kwanza ili liwe refu kidogo, unailaza juu ya kiini kiinitete kikiwa katikati ya tundu, unakata utando kuzunguka karatasi, unainua, vyote vinakuja pamoja vimetandazwa kama ngozi ya ngoma. Unasuuza kwenye maji ya chumvi, unaweka chini ya hadubini. Mbinu hii ilichapishwa 2001 na wenzetu wa maabara kubwa, wao wanaitumia kukuzia viinitete nje ya ganda, mi naitumia kuangalia tu.

Maji ya chumvi yenyewe: drip ya duka la dawa ina gramu 9 za chumvi kwa lita, hiyo ni ya binadamu, ya kuku inatakiwa 7.2. Unachukua vipimo 4 vya drip na kipimo 1 cha maji yaliyokenekwa, hesabu inakaa yenyewe. Sodiamu tu bila kalisiamu na potasiamu haitoshi kama unataka kikae hai muda mrefu, ila kwa dakika 10 za kupiga picha inatosha.

Sasa hapa ndo pakaleta mambo. Nimeweka mayai 6 ya jirani kwenye mashine ya yule mama, nikayatoa baada ya saa 36. Kuna orodha ya hatua za kiinitete cha kuku ambayo dunia nzima inaitumia, ya Hamburger na Hamilton ya mwaka 1951, hatua 46 kuanzia yai kutagwa mpaka kifaranga kutoka. Saa 33 hadi 38 unatakiwa ukute jozi 10 za somaiti, vile vijibonge vinavyojipanga kushoto na kulia vya uti wa mgongo kama shanga, baadae ndo vinakuwa pingili na misuli. Mi nimekuta jozi 5. Nimehesabu mara tatu. Kingine 5, kingine 6. Somaiti kwa kuku zinaongezeka jozi moja kila kama dakika 90, kwa hiyo jozi 5 pungufu ni zaidi ya saa 7 za kuchelewa. Kuku wa jirani hawawezi kuwa wazembe wote.

15 Novemba

Ni mashine. Inaandika 37.8 kwenye kioo. Nimechukua themomita ya homa, nimeitumbukiza kwenye kichupa cha maji nikakilaza kati ya mayai tangu jana, leo inasoma 36.6. Nimemuonyesha mama, mwanzo hakukubali, "hii mashine mpya mwalimu", nikamwambia mama mi siilaumu mashine, ila hivi vifaranga vyenyewe ndo vimesema. Tumeongeza mpaka kichupa kisome 37.6.

Nimefurahi kuliko kawaida kwa sababu sikwenda kule kupima joto. Kiinitete ni saa. Ukijua kuzihesabu zile shanga kinakwambia kimekaa kwenye joto gani na kwa muda gani, na hakikudanganyi kama kioo cha mashine.

Lakini hili la joto dogo linachelewesha kutotoa na kuua baadhi, halielezi kwa nini mteja mmoja mayai yake 20 kati ya 30 yanang'aa na mwingine kwenye mashine hiyohiyo yanang'aa 3 tu.

16 Novemba

Umeme umekata saa 5, umerudi saa 10 jioni. Tumefunika mashine kwa mablanketi. Sina la kuandika.

18 Novemba

Leo nimefanya ambalo nilitakiwa kulifanya siku ya kwanza, nimewauliza wateja wenyewe mayai mnayakusanyaje. Nilikaa pale kwa mama kuanzia asubuhi na daftari. Wote, wote kabisa, jibu ni moja: kuku anataga, naokota, naweka, yakifika trei naleta. Sasa mtu mwenye matetea 4 au 5 mpaka trei ya 30 ijae ni wiki mbili na zaidi. Unaweka wapi? Juu ya kabati. Uvunguni. Kwenye stoo ya korosho. Dada mmoja kaniambia anayaweka juu ya friji "ili yasipate baridi", na baba mmoja yeye ndani ya friji pamoja na maji ya kunywa. Yule mteja wa viza 3 tu yeye ana kuku 40, trei inajaa siku mbili.

Nimeweka themomita yangu ya dijito ndani ya stoo ya jirani. Saa 9 alasiri 31.2. Alfajiri, wakati wa ubaridi kabisa, 26.

Nikakaa chini.

19 Novemba

Naeleza. Kuku wa kawaida kule kichakani hatagi mayai 12 kwa siku moja, anataga moja leo, moja kesho, anaenda hivyo mpaka limetimia kundi lake, ndo anaanza kulalia. Yai la kwanza limekaa wiki mbili linasubiri wenzake na bado yote yanatotoa siku ya 21 kwa pamoja. Inawezekana kwa sababu lile shuka la seli likipoa linasimama, linalala. Joto likirudi linaendelea pale lilipoishia. Joto ambalo chini yake linalala kabisa vitabu havikubaliani, wengi wanataja kati ya nyuzi 20 na 24. Wenye mashine kubwa wanatunza mayai kwenye 16 hadi 18 ili wawe na uhakika.

Sasa Mtwara mwezi wa 11 stoo yako usiku wa manane ni 26. Kiinitete hakilali hata siku moja. Na hakijaamka pia, maana kukua vizuri kunataka 37 na nusu. Kipo hapo katikati, seli nyingine zinagawanyika nyingine zimesimama, shuka linapanuka bila mpangilio, ni kama mtu anayeamshwa kila baada ya dakika 10 usiku kucha wiki mbili halafu unamwambia aende shamba. Unakiweka kwenye mashine kinajaribu siku moja kinakufa. Siku ya 7 unamulika, kinang'aa. "Hayana mbegu haya baba."

Kwa binadamu mtoto asipopatikana analaumiwa mke, kwa kuku analaumiwa jogoo, angalau huku tumebadilisha.

Hii ni dhana bado. Sijaithibitisha. Msimamizi kaniambia "umependa hadithi yako, sasa ivunje".

20 Novemba

Kwanza nitafute pa kupoza maana bila pa kupoza hakuna cha kulinganisha. Kila mtu ananiambia chungu: chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga mbichi, unafunika na kitambaa chenye maji. Nimenunua viwili sokoni, nimejaza, nimesubiri siku nzima. 27.5. Nimeongeza maji. 27.3. Nimekiweka kibarazani kwenye upepo, 27.

Nilitakiwa nijue. Chungu kinapoza kwa sababu maji yanakauka, na hapa pwani hewa yenyewe imeshiba maji, nguo tu hazikauki, chungu kitatoa jasho kwenda wapi? Mwalimu mwenzangu yuko Newala, kule juu mlimani kuna upepo na hewa kavu kidogo, nilimwomba ajaribu na vyungu vyake, kanitumia picha ya themomita: 22.6. Kwa hiyo Newala chungu kinafaa, Mtwara mjini mwezi huu hakifai, labda ule msimu wa kusi mwezi wa 6 na wa 7. Sipendi ushauri unaotolewa kama vile Tanzania yote ni nyanda za juu.

Friji la nyumbani nalo ni nyuzi 4 au 5, hapo ni baridi mno, seli zinaumia kwa upande wa pili. Yule baba wa maji ya kunywa nitampitia.

22 Novemba

Kasha la samaki! Lile jeupe la povu wanalobebea samaki feri. Nimepewa moja kuukuu na kijana anayeuza pweza, nimelisugua na sabuni mara nne na bado linanuka. Chupa 1 ya maji iliyogandishwa ya lita moja na nusu, imezungushiwa taulo isigusane na mayai, trei juu yake, kifuniko. 18 hadi 20 kama unabadilisha chupa asubuhi na jioni. Chupa nagandisha kwa muuza soda wa pale kona, namlipa kwa kumfundisha mwanae hesabu.

Kosa la kwanza: nilitoa mayai kwenye kasha nikaweka mezani, ndani ya dakika mbili yamelowa kama chupa ya soda. Ganda lina matundu, na yai likilowa bakteria wanaogelea kuingia ndani. Kumbe unatakiwa unatoa chupa ya barafu tu, unaacha mayai ndani ya kasha limefungwa mpaka yapande taratibu yafikie joto la chumba, ndo unafungua. Saa 5 au 6 hivi. Sikuliona kwenye kitabu chochote nilichokuwa nacho maana vitabu vile vimeandikwa na watu ambao hewa yao haitoi jasho.

23 Novemba

Kuna mzee Mikindani, ana matetea 6 na jogoo mmoja wa kuchi, mrefu, shingo kama askari, mkali kweli. Huyu mzee trei zake mbili za mwisho kwa mama zimetoa viza zaidi ya nusu. Nilimwambia wiki iliyopita, shikamoo babu, naomba usimfanye kitu yule jogoo, nataka kuchukua mayai yake kwa mwezi mmoja. Akaniitikia vizuri tu, "marahaba mjukuu wangu, njoo".

Leo nimepanda bodaboda mpaka Mikindani na kasha langu. Namkuta babu yuko barazani. Jogoo hayupo. Jana mkwe wake alikuja kutoka Masasi.

"Sasa mjukuu wangu ningemchinjia nini mkwe, tetea anayetaga? Yule si ulisema mwenyewe kwa mama kule wamesema hana mbegu."

Mi sikusema hivyo!! Lakini nimekunywa chai nikanyamaza.

24 Novemba

Usiku nimekumbuka kitu nikaruka kitandani. Tetea hahitaji jogoo kila siku. Pale mfuko wa uzazi unapokutana na njia ya kutokea kuna vijifereji vidogo sana, mbegu za jogoo zinaingia mle zinatunzwa hai, halafu kila yai linapokuwa linatoka mbegu chache zinapanda juu kusubiri. Tetea anaweza kuendelea kutaga mayai yaliyorutubishwa wiki mbili, wengine mpaka ya tatu, baada ya kuachana na jogoo. Kwa hiyo jogoo kaliwa tarehe 22 lakini ushahidi wake bado upo ndani ya wale matetea 6, na unaisha siku kwa siku.

Nimempigia msimamizi saa 12 asubuhi. Swali lake la kwanza: hao kuku wanazurura? Maana majogoo wa majirani nao wapo. Swali zuri, ila banda la babu lina wavu mpaka juu kwa sababu ya mwewe na kwa sababu bibi hataki wamchimbue mchicha wake, hawatoki. Jogoo ni yule mmoja tu. Kasema basi nenda.

Mpango: bibi (yeye ndo anaokota, sio babu) anaandika tarehe kwa penseli kwenye kila yai. Matetea 4 ndo wanataga kwa sasa, wengine 2 wamepumzika, napata mayai mawili au matatu kwa siku. Yai moja la kila siku navunja likiwa bichi naangalia pete. La pili na la tatu natunza, moja juu ya kabati la shule kwenye 30, jingine kwenye kasha. Kijana wa bodaboda anayaleta jioni kwenye ndoo yenye pumba, nimemwomba asiruke matuta, kaniambia "mwalimu barabara yenyewe ni matuta". Basi yanapumzika usiku kabla sijayagusa.

29 Novemba

Mayai mabichi 6 yamevunjwa tangu tarehe 24, pete 6. Leo ni siku ya 7 tangu jogoo aliwe. Pete ya leo nzuri kuliko zote, nimeiweka kwenye simu.

Bibi kaniuliza kupitia kijana wa bodaboda kama sio dhambi kuvunja mayai yenye uhai. Nikamtumia salamu kwamba navunja kabla moyo haujaanza na yale ya mashine nayaishia siku ya 3. Karudisha salamu: basi sawa, lakini maganda nimrudishie, anayasagia kuku.

2 Desemba

Mvua ya kwanza. Watu wako kwenye korosho, nusu ya wanafunzi hawajaja. Kasha 19.4, kabati 29.8. Pete ya leo ipo.

4 Desemba

Saa 12 jioni nimeweka kwenye mashine mayai 12 ya babu, 6 yaliyokaa kabatini na 6 ya kasha, yote ya kati ya tarehe 24 na 29, kwa hiyo yamekaa siku 5 mpaka 10. Yamechanganywa kwenye trei moja, mama kayaandika herufi yeye mwenyewe na orodha kaificha kwenye mkoba wake ili mi nisijue lipi ni lipi. Yeye sa hivi ana hamu kuliko mimi.

6 Desemba

Yai bichi la leo: halina pete. Doa zito, kingo zimechanika, kama la dukani. La jana lilikuwa nayo. Siku ya 14. Sikulitegemea lakini nimesikitika kidogo, ndo kama kumzika.

7 Desemba

Saa 12 jioni, saa 72 kamili. Nimefungua yote 12, mama kakaa pembeni na mkoba.

Mayai 7 yalikuwa hai. Jamani. Nimeshaona moyo wa kuku kwenye picha mara mia lakini kiinitete cha saa 72 ni kitu kingine, kimejikunja kama koma, jicho kubwa, vijichipukizi vya mabawa na miguu vinaanza, mishipa myekundu imesambaa juu ya kiini mpaka pembeni, na katikati hapo kuna kitone chekundu kinaruka. Kinaruka, kinaruka. Aristotle, yule mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alifungua mayai ya kuku hivihivi zaidi ya miaka 2300 iliyopita na akaandika kitu hichohicho, kitone cha damu kinachorukaruka siku ya 3, hakuwa na hadubini wala simu. Mama kashika mdomo.

Mengine 5 yalikuwa tupu, yale ambayo kwa tochi yangeng'aa. Nimeyaangalia moja moja, bila haraka safari hii. Hakuna hata moja lililokuwa na doa zito la kuchanika. Yote 5 yana shuka lililopanuka, upana milimita 10 na zaidi, jeupe kama maziwa yaliyokatika, halina mstari wa katikati wala shanga. Yalianza, yakafa.

Ndo mama akafungua mkoba. Yaliyo hai 7: kasha 5, kabati 2. Yaliyokufa: kabati 4, kasha 1.

Mayai 12 sio kitu cha kutangaza, najua, msimamizi kaniambia kabla sijasema. Inabidi nirudie na mayai mengi, matetea wa nyumba nyingi, na nichukue utando wa juu ya kiini nipake rangi nihesabu matundu ambayo mbegu zilitoboa, hiyo ndo njia isiyobishaniwa, haitegemei jicho langu na pete zangu. Rangi nimeagiza. Ila kuhusu jogoo wa kuchi wa Mikindani sina swali tena, alirutubisha mayai yote niliyoyafungua mpaka siku ya 13 baada ya kuliwa.

8 Desemba

Nimeenda Mikindani. Nimembebea babu video ya kitone, kaiangalia mara tatu kaishikilia simu mbali na macho. Nikamweleza kabati, kasha, barafu, pete. Kanisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hiki kinachoruka ni cha yule?"

"Cha yule, babu."

Kanyamaza muda mrefu. "Kwa hiyo nilimla bure."

Bibi akasema kutoka jikoni, "sio bure, mkwe alishiba".

Jogoo mpya analetwa Jumamosi. Nimewaomba asiingizwe bandani mpaka tarehe 20, maana wanaotaga sasa hivi ni 4 na sijui ni tetea gani aliyetaga lile yai la tarehe 6, wengine 3 huenda bado wana akiba, na nataka kuiona pete ya mwisho.